Mwanafunzi Anayefanya Kazi Chuoni: Jinsi ya Kujua Kama Wewe ni Mwajiriwa

Mwanafunzi anayepanga vitabu maktabani au kuosha sahani katika bwalo la chuo cha umma nchini Kenya, iwe Njoro, Maseno, Kakamega au Bondo, huenda akaambiwa kwamba amesaidiwa tu kulipa karo na kwamba haki za wafanyakazi hazimhusu. Usilipokee jibu hilo kabla hujatenganisha maswali mawili: je, wewe ni mtumishi wa umma, na je, wewe ni mwajiriwa?

La kwanza hutegemea Kifungu cha 260 cha Katiba, ambacho hutazama afisi yenyewe, na kama mshahara wake hulipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali au kutokana na fedha zilizotengwa na Bunge. Ni vigumu kwa mwanafunzi wa zamu chache kwa wiki kuthibitisha kwamba ameshika afisi ya namna hiyo, na kwa maoni yangu asijichoshe nalo, kwa kuwa haki anazozihitaji zaidi zimo katika swali la pili.

Sheria ya Ajira ya 2007 humtambua mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na humjumuisha hata mwanagenzi. Kwa hiyo anza na karatasi zako. Weka taarifa ya karo kando ya daftari la mahudhurio ulilotia sahihi, kisha ulinganishe: ikiwa kiasi kilichopunguzwa kwenye karo hupanda na kushuka kulingana na saa ulizofanya kazi, una hoja nzito kwamba huo ni ujira, ijapokuwa hukuzishika fedha mkononi. Ikiwa kiasi ni kilekile hata usipofika kazini, kinafanana zaidi na ufadhili, na hoja yako inadhoofika.

Usikate tamaa kwa kukosa barua ya ajira. Kifungu cha 9 cha Sheria hiyo ya Ajira kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Tena, kesi ikifika mahakamani naye akashindwa kuutoa, Kifungu cha 10 humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai. Hata hivyo, piga picha kila ukurasa wa daftari mapema, maana daftari hukaa kwa msimamizi.

Ukiwa na nakala hizo, iandikie idara ya wafanyakazi ukieleza saa na kiasi unachodai, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa kumbukumbu, ziombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Wasipokusikiliza, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti. Kutoka hapo mlango uliobaki ni Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo huketi Kisumu na Nakuru pia. Dai la ujira hufungwa baada ya miaka 3, nayo huhesabiwa tangu malipo yalipokosekana, si tangu siku ya mahafali.