Kuivalisha bajaji kanga kwa mihuri ya kandambili

Bajaji ninayoizungumzia si yangu. Ni ya mzee mmoja wa Tandika, na anayeiendesha ni shemeji yangu, mume wa dada. Mimi kazi yangu ni kuchonga vibao na kuchapa: kadi za harusi, picha za ukutani, mifuko ya kitambaa. Nilikuwa nimechoka kuona picha zangu zinaning'inia kwenye kuta ambazo watu wa mtaani kwetu hawazifikii. Siku moja tumekwama na shemeji kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, mbele yetu bajaji nyingine, turubai lake la nyuma jeusi, tupu, pana kama kanga iliyoanikwa. Kanga ina pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yake. Bajaji nayo ina mbavu, mgongo na paji la uso. Nikamwambia, "Shem, hii nitaivalisha." Akajibu bila kugeuka, "Ilimradi hesabu isilale."

Ukitaka kufanya kama nilivyofanya, usianze na rangi. Anza na mwenye mali, na usimtume dereva akuombee. Nenda mwenyewe, beba kitu cha kuonyesha. Mimi nilibeba ubavu wa debe la mafuta nilioupiga rangi ya bluu na kuuchapa maumbo matatu ya korosho, kama yale ya kwenye kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Sasa hicho kitu kinatoka kikioshwa?"

Sikuulizwa swali zuri kuliko hilo katika kazi nzima. Mzee alikuwa anawaza siku atakayoiuza. Tukakubaliana: bluu ibaki ndiyo inayoonekana zaidi, kwa sababu ndiyo rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, namba, taa, vioo na viakisi visiguswe hata kwa tone, na maneno yatakayoandikwa yapite kwake kwanza. Masharti hayo yalinisaidia. Mchapaji asiyewekewa mpaka hujaza kila mahali.

Halafu piga hesabu ya hesabu. Hesabu ni fedha anazompelekea mzee: shilingi 20,000 kila siku, bajaji itembee au isitembee. Nikagawa kazi kwa Jumapili tatu na usiku kadhaa. Mihuri yote niliichonga nyumbani kabla bajaji haijasimama hata saa moja.

Sasa kandambili. Mwanzoni nilijaribu kibao cha mbao, kama ninavyochapa karatasi. Mbao haipindi. Ukiiweka kwenye madigadi ya mbele inagusa sehemu moja tu, kama sahani juu ya mpira, na ukiisukuma ili iguse pembeni inateleza na kuburuza rangi. Kinachotakiwa ni kitu kinachochongeka lakini kinachofuata mwili. Nikatazama miguuni.

Nunua mpya. Zilizokwisha kuvaliwa zimelika kisigino, kimo hakilingani, na muhuri usiolingana kimo unachapa nusu. Chagua zile ngumu kidogo. Zile laini zina vitundu vikubwa na chapa yake hutoka na mashimo kama mkate. Jozi moja ilinitosha korosho mbili na herufi kadhaa. Upande wa kuchapia uwe ule wa juu, baada ya kusugua mistari yake kwa msasa mpaka iwe tambarare kabisa. Kata kwa wembe mpya, na ulaze wembe ili ukuta wa umbo utanuke kuelekea chini, kama mguu wa mlima. Ukiukata kwa kuingia ndani, kingo zinabaki bila mguu, zinalegea na kukunjika ukikandamiza. Sehemu zisizochapa ziteremshe milimita 4 au zaidi, la sivyo kwenye mpindo zitagusa na kuacha uchafu. Mgongoni gundisha kipande cha tyubu ya tairi kwa gundi ya viatu. Tyubu inapinda pamoja na muhuri lakini haiuachi uvutike. Kisha chora mshale wa peni kuonyesha juu ni wapi. Usiudharau mshale huo, utauona tena.

Jina la kanga yetu lilituchukua wiki. Shemeji alitaka la timu yake ya mpira. Nikamwambia nusu ya abiria watapanda ya nyuma. Dada alitaka la kumshukuru Mungu, lakini kijiweni kwao zipo tatu tayari. Tukaishia na "TUTAONGEA TUKIFIKA", ambalo shemeji huwaambia abiria wanaobishana nauli njiani. Mzee alicheka, akapitisha.

Ni herufi 17, ila mihuri ni 10 tu, kwa kuwa T, U, A, K na I zinarudi. Kila mchapaji anajua kwamba herufi huchongwa kinyume. Mimi najua pia, miaka yote hii, na usiku ule umeme ulipokatika nikachonga seti nzima kwa mwanga wa simu bila kuigeuza, inasomeka vizuri kabisa kwenye muhuri. Asubuhi nilitaka kulia. Ndipo nikazipanga mezani nikaanza kuzitazama moja moja. T, U, A, O na I hazina kulia wala kushoto, zikigeuzwa kwenye kioo ni zilezile. E na K zinatoka zimetazama upande usio wake, lakini juu na chini yake ni sawa, kwa hiyo ukizipindua kichwa chini zinachapa sawasawa. Zilizokufa kweli ni N, G na F. Nikachonga hizo tatu upya, nikahamisha mishale ya E na K. Kama hupendi kubahatisha namna hiyo, chapisha maneno kwa mashine ya fotokopi, laza karatasi kifudifudi juu ya muhuri, sugua mgongo wake kwa pamba yenye thina kidogo. Wino wa fotokopi unahamia, na tayari umejigeuza wenyewe.

Rangi ya kwenye bodi ni rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na mageti. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya ubao wa dari, na picha zake zilikuwa ngumu kuliko karatasi. Sijasema mihuri yangu ni Tingatinga. Nasema rangi inayostahimili baiskeli haitashindwa na bajaji.

Maandalizi ya bodi niseme haraka, maana fundi rangi yeyote wa mtaani atakufundisha vizuri kuliko mimi. Osha kwa sabuni, hasa chini ya madigadi ambako kuna grisi. Futa kwa kitambaa chenye thina kidogo. Kila mahali utakapochapa, sugua kwa msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao ufe. Penye kutu, kwangua na upake praima kwanza. Rangi ikipigwa juu ya mng'ao hukaa kama maji juu ya jani la mgomba.

Kupima pindo ni kazi ya fundi cherehani. Chukua futi yake ya kitambaa, ipitishe kwenye ubavu inavyopinda. Wetu ulitoa sentimita 148. Korosho yangu ina sentimita 9, nikataka 14, jumla 126. Zikabaki 22 za kugawa kwenye nafasi 15, yaani karibu sentimita moja na nusu kila moja. Weka alama kwa chaki. Anza na kona, kama kwenye kanga, kisha korosho mbili za katikati, halafu jaza huku na huku. Ukianza mwisho mmoja na kusonga mbele, makosa madogo madogo yanajikusanya na korosho ya mwisho inakosa pa kukaa.

Kuchapa kwenyewe ni hivi. Mimina rangi kijiko kimoja kwenye kioo, isambaze kwa rola ndogo mpaka iwe nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole chako chini ya kioo. Sikiliza. Rangi nyingi haitoi sauti, inateleza tu. Ikifika panapotakiwa, rola inaanza kulia kama rasharasha juu ya bati. Pitisha rola kwenye muhuri mara mbili, usikandamize. Chapa ya kwanza piga kwenye gazeti, ya pili ndiyo ya bajaji. Usiushushe muhuri kama karani wa ofisi. Gusisha ukingo mmoja, viringisha kiganja polepole mpaka ukingo wa pili, kisha ung'oe kwa kuanzia ule ulioanza. Karatasi inanywa rangi na kukusamehe. Bati halinywi kitu. Rangi ikizidi inakimbilia kingoni na korosho inaota ndevu. Ikitokea, usiiguse kwa kidole. Futa yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, rudia.

Mihuri isafishe kwa mafuta ya taa kidogo, halafu maji ya sabuni hapohapo. Niliwahi kuloweka mmoja kwenye thina ya rangi ya gari nikaenda kula. Niliporudi korosho ilikuwa imevimba kama andazi.

Mgongoni, yaani kwenye turubai, ndipo nilipoaibika. Turubai la bajaji linavulika kama shati, ukifungua mikanda unalilaza mezani, kwa hiyo hapo kibao kigumu kinafaa. Mji wa kanga yetu ni ndege wawili aina ya kanga, wanaotazamana. Turubai ni jeusi, na kanga ni ndege mweusi mwenye madoa meupe, kwa hiyo mwili sikuuchapa kabisa. Nilichapa kichwa, miguu, mstari wa mgongo, na madoa. Madoa yalitoka kwenye kipande cha mbao nilichokipigilia misumari ya inchi 4. Vichwa vyake ndivyo vilivyochapa. Nilikuwa nakibonyeza kila mara juu ya kioo kuhakikisha vichwa vyote vinagusa. Nikakanyaga vibao pekupeku, blanketi likiwa chini ya turubai, na ndege wakatoka wazuri mno. Nilitumia rangi ya vitambaa ya kuchanganywa na maji, niliyokuwa nayo nyumbani. Ilikauka. Niliikwaruza kwa kucha, haikutoka. Wiki mbili baadaye mvua ya vuli ikashuka, na shemeji akanitumia picha: ndege mmoja amebaki mguu.

Kosa ni kwamba turubai lile si pamba. Juu yake kuna plastiki, na rangi ya vitambaa inahitaji nyuzi za kuingia. Nenda kwa wanaochapa mabango Kariakoo, uombe wino wa PVC. Huo unaifungua plastiki kidogo na kushikana nayo. Ubaya wake unakauka upesi, hata juu ya kibao, na harufu yake inapanda kichwani, kwa hiyo fanyia nje, asubuhi, kabla jua halijakolea, uwe na mtu wa kupaka rola wakati wewe unakanyaga. Futa turubai kwanza kwa spiriti. Mara hii ndege wamepita vuli na masika, wamepungua weupe kidogo, basi.

Utashawishiwa upige klia, ile vanishi angavu ya magari, juu ya yote ili ing'ae. Nilipiga kwenye debe la majaribio, klia ya magari, siku nne baada ya kuchapa. Rangi ya mafuta ikajikunja papo hapo kama ngozi ya maziwa, maana thina ya klia ina ukali ambao rangi changa ya mafuta haiuwezi. Bodi nimeiacha bila klia. Rangi ya mafuta ina mng'ao wake, na mimi siitaki bajaji ya maonyesho. Ukilazimika, subiri wiki nyingi, jaribu pembeni, na umpe kazi fundi mwenye kinyago cha kweli, kwa sababu klia ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, haifai kuvutwa hata siku moja.

Badala ya klia nilimwachia shemeji mihuri. Kopo la maziwa ya unga lina korosho mbili, herufi zote 10, rola ndogo na kichupa cha rangi. Linakaa chini ya kiti pamoja na spana. Mchoro wa brashi ukichubuka unamtafuta mchoraji. Wa muhuri unamtafuta aliye na muhuri.

Mwezi uliopita bodaboda ilimkwaruza ubavuni, korosho mbili zikaondoka. Hakunipigia. Alisugua, akapima kwa vidole, akachapa mwenyewe kijiweni wenzake wakimsimamia. Nilipoiona nikamwambia, "Shem, moja umeiweka kichwa chini. Mshale hukuuona?" Akasema mshale ulishafutika, na isitoshe abiria mmoja amemwambia hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeiacha. Mshale nimeuchora upya, kwa wembe safari hii.