SOMO: Kulinganisha staili za kuediti picha za harusi kabla hujamuahidi mteja chochote

Wakuu habari za humu. Nimeona watu wengi wananunua preseti (mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari), wanabofya kwenye harusi nzima alafu wanashangaa mbona bibi harusi katoka na rangi ya majivu. Staili unaichagua kwa kuangalia mwanga uliokuwepo na ngozi za watu waliopigwa, mambo ya fasheni yanakuja baadaye sana. Natumia Lightroom Classic, ila hata kama unatumia programu nyingine utaelewa.

Hatua ya 1: Tafuta picha nne ngumu
Usichukue zile nzuri, zile zinapendeza na staili yoyote. Chukua gauni jeupe juani, suti nyeusi kivulini, watu wenye ngozi tofauti kwenye fremu moja, na moja ya ukumbini usiku yenye taa mchanganyiko.

Hatua ya 2: Weka msingi sawa kwanza
Waiti balansi (kurekebisha rangi ya mwanga ili nyeupe ionekane nyeupe) na eksposha (mwangaza wa picha nzima), basi. Mwanga wa jua la mchana unacheza kwenye 5500K hivi (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), taa za njano za ndani zinashuka mpaka 3000K au chini, sasa ukipandisha preseti juu ya picha ambayo bado ni ya njano unakuwa hujajaribu staili, umejaribu unjano tu.

Hatua ya 3: Tengeneza kopi
Ctrl na alama ya ' (kwenye Mac ni Cmd) inakupa kopi pepe (faili halisi linabaki moja, inatunzwa editi tu), haijazi diski. Kila picha iwe na kopi nne.

Hatua ya 4: Editi kila kopi kwa staili yake

*Angavu.* Hii ndo kila mtu anaitaka, na imetokana sana na wapiga picha waliokuwa wanatumia filamu ya Fujifilm Pro 400H, wanaipa mwanga stopu moja (yaani mara mbili) au zaidi ya ule ulioandikwa kwenye boksi na rangi zinalainika zenyewe (Fujifilm walitangaza kuacha kuitengeneza mwaka 2021). Kwa dijitali usiige huko kuunguza mwanga, filamu ya negativu inavumilia lakini sensa ya kamera ikiungua imeungua. Piga kawaida, alafu pandisha eksposha kidogo, shusha hailaiti (sehemu angavu), fungua shedo (sehemu za giza), punguza ukali wa kijani. Shida yake iko kwenye ngozi: preseti nyingi za angavu zinapandisha ung'avu wa rangi ya chungwa, na ngozi zetu watu weusi zinakaa humohumo kwenye chungwa, kwaiyo mtu mweusi anageuka maji ya kunde bila kuomba. Irudishe ile slaida ya ung'avu wa chungwa sifuri, uone uso unavyorudi.

*Giza, au mudi kama wengi wanavyoita.* Eksposha inashuka, kijani kinaenda kwenye kahawia, nyeusi inanyanyuliwa kidogo iwe kama imefifia. Inapendeza jioni, msituni, kwenye majengo ya zamani. Hapa hatari inageuka, wanapunguza ukali wa chungwa na ngozi nyeusi inakufa, inakuwa kijivu. Alafu suti nyeusi inameza mikono na kola, huoni mwisho wa koti ni wapi.

*Filamu.* Punje kidogo (vile vidoadoa vya filamu), kontrasti laini, rangi za joto mtindo wa filamu ya Kodak Portra. Punje weka mwishoni na usizidishe.

*Rangi halisi.* Haina mbwembwe na ndo ngumu kuliko zote kwa sababu hakuna pa kujificha. Kwangu mimi hii ndo namba moja kwa albamu ya kuchapisha.

Hatua ya 5: Weka kopi pembeni kwa pembeni
Chagua zote nne, bonyeza N. Kisha rudi Develop, peleka mshale juu ya gauni usome namba chini ya histogramu (ile grafu ya mwanga juu kulia), ni asilimia za nyekundu, kijani na bluu. Zikiwa 92 mpaka 96 hivi uko vizuri, zote tatu zikigonga 100 nakshi za lesi zimeshapotea. Kwenye shavu, nyekundu iwe juu, kijani ifuate, bluu iwe chini. Bluu ikiikaribia sana kijani hapo ndo majivu yanapoanzia. Staili itakayopita picha zote nne ndo ya harusi hiyo.

MASWALI

Swali: Mkuu, mteja kanitumia picha za angavu anataka zake ziwe hivyohivyo, na sherehe yake yote ni usiku ukumbini. Nafanyaje?
Jibu: Mwambie mapema kaka. Ile staili inataka mwanga mwingi laini, dirisha kubwa au kivuli cha nje. Muonyeshe kazi yako ya usiku, tena harusi nzima, sio picha tatu ulizochambua. Akikubali unapiga rangi halisi yenye joto kidogo.

Swali: Mi napiga JPEG, preseti zote zinatoka mbaya tofauti na kwenye tangazo, nimeibiwa?
Jibu: Hujaibiwa. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi na waiti balansi imeshachomekwa humo, RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 14 ina ngazi 16,384. Hamia RAW. Kwa hizo ulizonazo, punguza nguvu ya preseti mpaka nusu.

Swali: Samahani mwalimu, naruhusiwa kuchanganya staili mbili kwenye harusi moja? Na zile nyuso za zambarau za taa za dijei zinatibikaje?
Jibu: Changanya dada, ila kwa tukio, maandalizi angavu na usiku mudi haina neno, usichanganye ndani ya tukio moja. Hizo za zambarau usipoteze muda na waiti balansi, rangi nyingine hazikuingia kabisa kwenye sensa. Geuza nyeusi na nyeupe, cheza na slaida za bluu na zambarau mpaka uso ukae sawa, uende picha inayofuata.