Somo: Kuchagua mashine ya kukunjia nywele ukitaka mawimbi makubwa

Wapendwa, kabla hujaenda dukani chukua rula. Wengi huanza na rangi ya mashine au maneno ya muuzaji, lakini kinachoamua kama utapata mawimbi yaliyolegea au vikunjo vya chemchemi ni unene wa chuma kinachozungushiwa nywele, na kinachoamua kama nywele zitabaki kichwani ni joto. Nitaanza na hayo mawili.

Hatua ya 1: Pima nywele zako

Zipige drai zinyooke, kisha pima kutoka kwenye ngozi mpaka ncha. Ili mkunjo ushike, unywele uzunguke chuma walau mara moja na nusu, na ikifika mara mbili ni vizuri zaidi. Mzunguko wa chuma ni kipenyo chake mara 3.14. Chuma cha milimita 19 kinakula kama sentimita 6 za nywele kwa kila mzunguko, cha 25 karibu 8, cha 32 kama 10, cha 38 kama 12. Mwenye nywele za sentimita 17 akinunua cha 38, ncha zitapinda kidogo tu, naye atadhani kauziwa mashine mbovu. Huyo anafaa cha 25, anapata mizunguko miwili kamili.

Wanaoishi Dar, Tanga, Unguja au Mombasa nawashauri washuke saizi moja. Mkunjo wa moto unashikiliwa na vifungo vya haidrojeni ndani ya unywele. Joto linavifungua, na unywele ukipoa vinajifunga upya katika umbo ulilouwekea. Maji nayo huvifungua, na hewa ya pwani imejaa maji. Kwa hiyo mkunjo uliofanya asubuhi kwa chuma cha 25, mchana unakuwa umelegea kama wa 32. Ukianza na 38 Kariakoo, ukifika Mbagala nywele zimenyooka.

Hatua ya 2: Usinunue mashine isiyoonyesha namba za joto

Hapa naomba mnisikilize. Mimi nilipoteza nywele za mbele kwa mashine yenye swichi moja, ya kuwasha na kuzima. Nywele zilikuwa na dawa ya kunyoosha, nikashikilia sekunde kama ishirini, zikakatika kwenye paji la uso. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuzirudisha.

Tafuta inayokuruhusu kupanda na kushuka kwa nyuzi. Nywele nyembamba, zilizopakwa rangi au kupaushwa: nyuzi 130 hadi 150 za Selsiasi. Zenye dawa: 150 hadi 170. Za asili, nzito, zilizokwisha kupigwa drai: 180, au 190 zikikataa kabisa. Mashine nyingi zinafika 230, lakini huna kazi na joto hilo nyumbani. Angalia pia kama namba ni za Selsiasi au Farenhaiti: 350 ya Farenhaiti ni kama 177 ya Selsiasi.

Hatua ya 3: Kibano au fimbo tupu

Kama hujawahi kukunja, nunua yenye kibano, inashika ncha na hutaungua vidole. Fimbo isiyo na kibano inatoa mawimbi ya kupendeza zaidi kwa sababu haiachi alama ya kubanwa, ila vaa glavu yake. Seramiki inagawa joto vizuri na inatosha kabisa. Titaniamu inapata moto haraka sana, waachieni mafundi wa saluni. Zile zinazovuta nywele zenyewe ndani sizipendekezi kwa nywele zetu, zinanasa.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza

Nywele ziwe kavu kabisa. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na yakichemkia ndani ya unywele mvuke unatoboa vipovu na unywele unakatika. Paka kinga ya joto, chukua fungu la unene wa kidole, zungusha, hesabu sekunde 8, achia mkunjo kwenye kiganja mpaka upoe. Usichane kabla haujapoa, maana umbo linajifunga wakati wa kupoa. Pitisha moto mara moja tu kwa kila fungu.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Dada, asante kwa somo. Nina kipilipili cha asili, naweza?
Jibu: Unaweza, lakini lazima zinyooshwe kwa drai kwanza, kwa hiyo ni moto mara mbili. Fanya kwa nadra. Ukiosha ukaona sehemu fulani hazijisokoti tena, hapo moto umeshaharibu, na dawa yake ni kukata tu. Rola za kulala nazo zitakupa karibu kitu hichohicho bila hatari hiyo.

Swali (Mombasa): Shukran dada. Nimeuziwa wigi nikaambiwa ni nywele za binadamu. Naweza kulikunja?
Jibu: Ng'oa uzi mmoja, ushike kwa kibanio cha chuma, uuchome juu ya sinki. Nywele halisi zinageuka majivu na kunuka nywele. Plastiki inayeyuka ikawa kijidonge kigumu. Ikiwa plastiki, usiguse kwa moto isipokuwa maelezo yake yanataja joto inalostahimili.

Swali (Columbus, Ohio): Nataka kumtumia mdogo wangu Dodoma mashine kutoka huku. Atahitaji adapta tu?
Jibu: Soma maandishi madogo kwenye mpini. Yakisema 100–240V, adapta inatosha. Yakisema 120V pekee, usitume. Adapta inabadilisha miguu ya plagi, haipunguzi umeme. Kwetu ni volti 230, kwa hiyo mashine hiyo itavuta nguvu karibu mara nne ya iliyotengenezewa, na itaungua, pengine mkononi mwake. Mwenye ndugu London au Muscat hana shida hii, umeme na plagi zao zinaendana na zetu.

Swali (Arusha): Ninayo pasi bapa ya kunyooshea nywele. Lazima ninunue nyingine?
Jibu: Kama kingo zake ni za mviringo, usinunue. Bana fungu, geuza pasi nusu mzunguko, shuka nayo taratibu bila kusimama. Fanya mazoezi ikiwa baridi mpaka mkono uzoee.

Swali (Dar): Binti yangu ana miaka saba, Jumamosi ni harusi ya mama yake mdogo. Nimuwekee nyuzi ngapi?
Jibu: Usimuwekee moto, mama. Ijumaa usiku lowesha nywele kidogo, msuke mabutu manne makubwa, mfunge kitambaa cha satini alale nacho. Asubuhi zikiwa zimekauka kabisa fungua kwa vidole, usitumie kitana.