Kusoma na kuandika anwani za imeili kwenye Python bila kumkata mtu vipande viwili

Kuna saccos moja hapa mjini ilinipa kazi ndogo tu, wana Excel ya wanachama yenye majina na imeili, wanataka kila mwisho wa mwezi kila mtu atumiwe taarifa ya akiba yake. Nikasema hiyo mbona dakika ishirini. Nikakaa kibanda cha chipsi Sinza nikaandika skripti, sehemu ya anwani nikaimaliza kwa mistari miwili, kata kwenye mkato, afu kata kwenye @, nikajaribu na imeili yangu ikafika, nikaenda kulala. Asubuhi nimesimama kwenye mwendokasi simu ya mhasibu hiyo, "kaka mfumo wako umekufia kwa Mushi, waliopo juu wamepata, waliopo chini hamna kitu, na kuna watu wananipigia".

Kilichotokea ni kwamba karani aliyejaza ile Excel kaandika kama tulivyozoea kwenye daftari la mahudhurio, ukoo kwanza:

Mushi, Asha <asha@example.com>

Kwenye imeili mkato ndo unaotenganisha mtu na mtu mwingine. Kwa hiyo skripti ikaona watu wawili, mmoja anaitwa Mushi ambaye hana hata @, mwingine Asha. Yani hapo kompyuta haina kosa, kosa langu.

Asa jambo la kwanza kabisa, kabla hujaandika chochote, jiulize hayo maandishi yameandikwa na nani, yametoka kwenye imeili yenyewe (ile sehemu ya From, To, Cc) au yamechapwa na binadamu kwenye Excel, fomu au WhatsApp. Ni vitu viwili tofauti japo kwa macho vinafanana na ndo maana watu tunaumia.

Kama yametoka kwenye imeili, yana sheria zake, zipo kwenye RFC 5322 (hati ya kanuni za imeili) ya mwaka 2008 ambayo mizizi yake inarudi mpaka RFC 822 ya 1982. Hizo sheria zina mabano, alama za semi na vijimambo kibao, usijifanye unaziandika upya. Python inakuja na laibrari tayari, huhitaji kuinstoli kitu:

```
from email.utils import getaddresses

mstari = '"Mushi, Asha" <asha@example.com>, juma@example.org'
for jina, anwani in getaddresses([mstari]):
    print(jina, '|', anwani)
```

Utapata watu wawili wa kweli, Mushi, Asha mwenye anwani yake, na Juma ambaye jina lake ni tupu kwa sababu hajaliandika. Ona zile semi zinazozunguka Mushi, Asha, ndo zinazoiambia kompyuta huu mkato ni wa ndani ya jina usiuguse. Na usisahau mabano mraba pale kwenye getaddresses, inataka listi, ukiipa stringi yenyewe bila listi inaichukua herufi moja moja na utaletewa takataka.

Kwa mtu mmoja ipo parseaddr. Ikishindwa hairushi erori, inakupa ('', '') kimyakimya, kwa hiyo lazima uangalie mwenyewe. Na zile Python za zamani ukiipa ule mstari wa karani bila semi inakurudishia ('', 'Mushi') kama vile kila kitu kiko sawa! Kuanzia 3.13 imekua kali zaidi, vitu vilivyopinda inavikataa yenyewe, ila bado ukiipa neno Mushi peke yake inalipokea tu kama anwani. Inasoma, haihakiki.

Kama yamechapwa na binadamu, hapo laibrari haikusaidii maana binadamu hakufuata sheria. Tumia unachokijua wewe. Kwenye Excel yangu safu moja ni mtu mmoja, basi mkato hauna maana yoyote pale, kata kwenye < ya mwisho tu:

```
jina, _, anwani = safu.rpartition('<')
jina = jina.strip().strip('"')
anwani = anwani.replace('\u200b', '').strip().rstrip('>').strip()
```

Ile \u200b ni nafasi isiyoonekana kabisa, watu wanakopi anwani huko kwenye mitandao wanakuja nayo, strip peke yake haiigusi. Mi ilinila saa nzima, naangalia anwani mbili zinafanana kila herufi na Python inaniambia sio sawa.

Afu hifadhi jina kolamu yake na anwani kolamu yake. Usihifadhi vimeunganishwa, utakuja kuvitenganisha tena kesho.

Kuhakiki sasa. Hapa ndo kila devu (mwandika programu) anaenda kukopi regeksi, yani kanuni ya kupima umbo la maandishi, ndefu ambayo hata aliyeiandika haelewi. Nyingi zinaruhusu mwisho wa domeini (sehemu ya baada ya @) herufi mbili mpaka nne, kwa hiyo .co.tz inapita lakini mtu wa .africa anaambiwa imeili yake feki. Afu kuna ndugu zetu wenye majina ya Ng', mtu anaitwa Ng'wandu, kaweka ng'wandu@ kitu fulani, na kile kikoma cha juu kinaruhusiwa kabisa kushoto kwa @, ila regeksi inamkatalia. Ila angalia, simu nyingi zinakigeuza kikawa kile kilichojikunja ’ na hicho sio chenyewe, kwenye jina hakina shida lakini kwenye anwani Python itarusha UnicodeEncodeError wakati wa kuiandika. Kigeuze kirudi kua cha kawaida.

Mi naangalia vitu vichache: kuna @, pande zote mbili kuna kitu, hamna nafasi katikati, domeini ina nukta, kushoto haizidi herufi 64 na yote kwa jumla haizidi 254. Kukata kwenye @ tumia rpartition sio split, maana kushoto kukiwa ndani ya semi @ inaruhusiwa pia, kwa hiyo inayohesabika ni ya mwisho. Baada ya hapo tuma linki ya kuthibitisha, hamna njia nyingine ya kujua kama kuna mtu upande wa pili. Domeini unaweza kuishusha herufi ndogo bila wasiwasi, upande wa kushoto uache kama alivyoandika. Na ule mchezo wa kuondoa nukta kushoto kwa @ na anwani ikabaki ileile ni wa Gmail, usiwafanyie wengine.

Kuandika anwani ndo watu wanaharibu tena baada ya kusoma vizuri, wanaunganisha kwa mkono na f-string, mkato wa Mushi unarudi palepale. Tumia formataddr:

```
from email.message import EmailMessage
from email.utils import formataddr

barua = EmailMessage()
barua['To'] = formataddr(('Mushi, Asha (Mama Neema)', 'asha@example.com'))
```

formataddr inaweka semi yenyewe ikiona mkato, nukta ya Dkt. au mabano. Na mabano ni muhimu jamani, kwenye sheria za imeili kilichomo kwenye mabano ni maelezo ya pembeni tu, programu nyingine inaweza kukitupa, na huku kwetu nusu ya wanachama wanajulikana kwa mabano, Mama Neema huyo ukimwita Asha hageuki. EmailMessage nayo inakataa mstari mpya ndani ya jina, inarusha ValueError, na hiyo ni ulinzi maana kuna mtu atajaza fomu yako jina, enta, afu Bcc (nakala ya siri) ya watu elfu.

Kwa ile Excel niliandika hivi, safu ikipita inaendelea, isiyopita skripti haifi, inaandikwa kwenye faili linaitwa kagua.csv pamoja na namba ya safu. Zikatoka kumi na tisa. Mhasibu akaziprinti akaanza kuwapigia mmoja mmoja, chai ya saa nne inafika alikua amebakiwa na mbili.