Somo: Kupanga bajeti ya mazoezi katika Hattrick bila kuishiwa katikati ya msimu

Nimeandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kila wiki: "Wachezaji wangu wanapanda viwango, mbona hazina inakauka?" Anayeniuliza kuanzia leo nitamwelekeza hapa. Ninazungumzia Hattrick, mchezo wa kuendesha klabu ya soka ulioanzia Uswidi mwaka 1997, na ninawalenga wenye timu za madaraja ya chini, ambao kosa moja la hesabu huwagharimu msimu mzima.

Hatua ya kwanza. Chagua stadi moja ya kufundisha na usiibadilishe kila unapofungwa. Mifano yangu yote ni ya uchezeshaji, yaani stadi ya wachezaji wa kiungo cha kati.

Hatua ya pili. Hesabu mapato kwa msimu, wala si kwa wiki. Msimu una wiki 16, lakini ligi ya timu nane ina mechi 14, na kati ya hizo ni 7 tu zinazochezwa uwanjani kwako na kukupatia viingilio vyote. Tuseme kila mechi ya nyumbani inakuingizia yuro 100,000: hizo ni 700,000 kwa msimu mzima, sawa na 43,750 kwa wiki. Anayeona laki moja imeingia mwishoni mwa juma, kisha akaajiri wataalamu kwa kipimo cha laki moja, ametumia fedha za wiki mbili zijazo. Ongeza fedha za wadhamini. Za kombe usizihesabu kabla hazijaingia.

Hatua ya tatu. Ajiri wataalamu kwa kuangalia ngazi. Ngazi ni tano, na gharama huongezeka maradufu kila unapopanda moja, kwa hiyo mtaalamu wa ngazi ya tano hulipwa sawa na kumi na sita wa ngazi ya kwanza. Makocha wasaidizi hujumlishwa ngazi zao. Basi wawili wa ngazi ya nne wanakugharimu sawa na mmoja wa ngazi ya tano, lakini wanakupa jumla ya nane badala ya tano. Tabibu na mwanasaikolojia wanaweza kusubiri.

Hatua ya nne. Andika siku ya kuzaliwa ya kila mchezaji unayemfundisha. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nisomeni polepole. Mwaka wa mchezaji una siku 112, yaani urefu wa msimu mmoja, na mshahara wake hupangwa upya siku anapotimiza mwaka tu. Katikati ya hapo anaweza kupanda viwango viwili bila mshahara kusogea hata senti. Mimi nilinunua viungo sita wa miaka 17 ndani ya wiki moja, wote wenye siku zinazokaribiana, na kwa muda mrefu niliona viwango vinapanda huku mishahara imetulia. Nikadhani hicho ni kipaji changu cha uongozi. Nikaajiri kocha msaidizi wa pili kwa mkataba mrefu. Kisha, ndani ya siku kumi, wote sita walitimiza miaka 18, na mishahara yao ikaruka kwa pamoja wakati nilikuwa nimebakiwa na mechi moja tu ya nyumbani. Niliuza wawili kwa pupa, na kwa kuwa sikuwa nimekaa nao muda mrefu, wakala alichukua sehemu nono ya bei. Kwa hiyo: usinunue vijana wenye siku zinazofanana, kadiria mshahara ujao kwa kuangalia sokoni mchezaji wa kiwango kilekile ambaye ametimiza mwaka karibuni, na ukumbuke kwamba mchezaji anayecheza nje ya nchi yake hulipwa asilimia 20 zaidi.

Hatua ya tano. Weka akiba ya mishahara ya wiki tatu, na usiiguse kwa usajili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina milioni moja, nipangie niajiri nani.

Jibu: Hukutaja mapato yako, mishahara yako wala stadi unayofundisha. Soma hatua ya pili, kisha urudi na takwimu.

Swali: Unatukataza kocha msaidizi wa ngazi ya tano, mbona timu kubwa zote wanao?

Jibu: Sikumkataza mtu. Nimelinganisha gharama na faida, na timu kubwa zina viwanja vinavyobeba gharama hiyo. Ukiwa na uwanja kama wao, ajiri wawili.

Swali: Mwalimu, naomba kufahamu: je, si bora kununua kijana aliyetimiza 17 jana kuliko mwenye miaka 17 na siku 100?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Ndiyo, kwa sababu wa kwanza atafundishwa karibu wiki 16 kwa mshahara wa mwanzo, na kadiri mchezaji alivyo mdogo ndivyo anavyojifunza upesi. Ila wauzaji nao wanazijua siku hizo na bei yake huwa juu. Mimi huchukua tofauti ya bei kati ya hao wawili, nikaigawa kwa wiki za mazoezi ninazozipata zaidi. Ikizidi ninachomlipa kocha msaidizi kwa wiki, ninamwacha kijana huyo wa bei ya juu. Kipimo hicho ni changu tu, lakini kimenizuia kununua kwa tamaa.

Swali: Viungo wa kati ni watatu kwa mechi. Wewe ulikuwa na sita. Wengine walifundishwa wapi?

Jibu: Mchezaji huhesabiwa dakika zisizozidi 90 kwa wiki, na mechi ya katikati ya juma, iwe ya kombe au ya kirafiki, nayo inahesabiwa. Watatu hucheza ligi, watatu hucheza katikati ya juma.

Swali: Na mawinga?

Jibu: Katika uchezeshaji hupata nusu. Ninawapanga hapo viungo waliokomaa ambao sitaki mishahara yao ipande haraka, na ndio ninaowauza kwanza siku zao zinapokaribia 112.