Somo: Kusoma nembo kwenye kidau cha wino cha fedha cha Kiingereza

Wengi tukishika seti ya wino ya zamani tunakimbilia ngao iliyochorwa, tujue ilikuwa ya mwinyi gani. Subirini. Nembo huweza kuchorwa miaka mia baada ya chombo kufuliwa, kwa hiyo chapa, yaani alama ndogo zilizopigwa kwenye fedha, ndizo zinazotangulia.

Hatua ya 1. Pindua sinia la kuwekea vidau, chukua kioo cha kukuzia cha sonara. Simba anayetembea, mguu wa mbele juu, ni fedha ya sehemu 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Herufi iliyo peke yake ni ya mwaka. Herufi za jina ni za sonara. Kichwa cha mfalme au malkia ni alama ya kodi, 1784 hadi 1890. Kagua pia vifuniko vya vidau, kikopo cha unga wa kukaushia wino, na kinara cha kuyeyushia lakiri. Vipande hivi hubadilishwa sana.

Hatua ya 2. Usisugue. Pulizia pumzi ya moto ya kinywa juu ya nembo. Ukungu ukitanda, mistari iliyofifia inajitokeza, na mara nyingine chini yake unaona kivuli cha nembo nyingine iliyokwanguliwa. Bonyeza hapo taratibu kwa dole gumba: palipokwanguliwa fedha ni nyembamba, hunepa.

Hatua ya 3. Soma rangi za ngao, ambazo kwenye fedha huonyeshwa kwa nukta na mistari. Nukta ni dhahabu, patupu ni fedha, mistari wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, iliyokatizana ni nyeusi. Ya mshazari kutoka juu kushoto kwako kushuka kulia ni kijani.

Hatua ya 4. Ngao iliyogawanywa wima kwa kawaida ni ndoa: kushoto kwako mume, kulia mke. Umbo la almasi ni la mwanamke asiyeolewa au mjane. Ukiijua ndoa, ilinganishe na herufi ya mwaka. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Changu hakina simba, kina mwanamke aliyeketi. Ni bandia?
– Marahaba. Si lazima. Huyo ni Britannia, fedha ya 958. Kati ya 1697 na 1720 ndiyo iliyokuwa ya lazima, na baadaye ikabaki hiari. Tazama herufi ya mwaka.

Mimi nina mkono ulioshika mshale tu, bila ngao. Ni ukoo gani?
– Hicho ni kile kikaacho juu ya kofia ya vita, na koo nyingi hutumia kimoja. Bila ngao au maneno ya kaulimbiu, usitaje jina.

Fundi anataka kuking'arisha kwa mashine.
– Mkatalie, ndugu yangu. Nilimpa fundi mmoja kinara changu kikarudi kinameta kama kioo, na manyoya ya tai yote yamekwisha. Kitambaa laini kinatosha, na pale penye nakshi pitisha mara chache sana.