Logi ya kazi kila siku kwa Notepad tu, huhitaji app yoyote

Mi ni fundi kompyuta, nna meza yangu ya laptop na printa, zamani nlikuwa naandika kwenye daftari ambalo nusu ni namba za simu nusu hesabu za vocha. Siku moja mteja kaja kuchukua laptop yake anasema aliileta na chaja, mi sikumbuki, daftari halisemi kitu, basi nikanunua chaja. Toka hapo kila kinachotua mezani kinaandikwa.

Hatua ya 1. Fungua Notepad, ile ile inayokuja na Windows. Mstari wa kwanza kabisa andika .LOG, yaani nukta halafu herufi kubwa tatu, usiweke nafasi mbele. Ukiandika .log kwa herufi ndogo haifanyi kazi, nimewahi kuhangaika na hilo nusu saa nzima.

Hatua ya 2. Sevu kwa jina lenye mwaka kwanza halafu mwezi, mfano kazi-2025-03.txt. Ukianza na mwezi, Machi za miaka yote zitakaa pamoja na utachanganyikiwa. Mi kila mwezi naanza faili jipya.

Hatua ya 3. Lifunge, lifungue tena. Utaona chini kabisa imejiandika saa na tarehe yenyewe, hapo ndo unaanza kuandika. Ila ukiliacha wazi kutwa nzima haitaongeza saa nyingine, kwa hiyo kila kazi mpya ikiingia bonyeza F5, inaweka saa na tarehe pale kasa ilipo (kile kimstari kinachopepesa unapoandika). Halafu Ctrl+S kila ukimaliza mstari, umeme haupigi hodi.

Yangu inakaa hivi:

14:20 05/03/2025
HP ya mama wa duka la dawa, haiwaki. Imekuja BILA CHAJA, kioo kina ufa kona ya kulia. Nimetoa RAM nikaisafisha nikairudisha, imewaka. DENI 15,000

Hiyo 14:20 mteja anaiita saa nane na dakika ishirini, kwa hiyo mkianza kubishana we toa sita tu kichwani.

Andika hali ya kifaa kabla hujakigusa, hapo ndo penye kesi zote. Mkwaruzo, skrubu iliyopungua, batani ya keyboard iliyong'oka, andika mteja akiwa bado amesimama mbele yako na umsomee. Wengine wanakasirika kidogo, wakasirike tu. Na uchague maneno machache ya herufi kubwa uyang'ang'anie, mi nna DENI, KALIPA, SUBIRI na IMEENDA basi, maana leo ukiandika printa kesho printer keshokutwa mashine, siku ya kutafuta hupati kitu.

Paswedi za wateja usiziweke humo jamani, hili ni faili la maandishi matupu, yeyote anayekaa kwenye kompyuta yako anasoma.

Hatua ya 4, kutafuta. Ndani ya faili moja ni Ctrl+F. Ukitaka miezi yote kwa mpigo, fungua folda lenye mafaili, pale juu panapoonyesha njia ya folda futa uandike cmd, enter, litafunguka dirisha jeusi la amri, humo andika:

findstr /i "deni" kazi-*.txt

Inakuletea kila mstari wenye deni na jina la faili lake. Mtu akilipa mi nafuta neno DENI naandika KALIPA, kwa hiyo yanayobaki ni ya kudai, mwisho wa mwezi napiga simu kwa mpangilio huo.

Hatua ya 5, kwa wasahaulifu kama mimi. Bonyeza Windows+R, andika shell:startup, folda likifunguka weka shotikati (shortcut, yaani njia ya mkato) ya faili lako humo. Asubuhi ukiwasha kompyuta logi inafunguka yenyewe na saa imeshaandikwa. Mwezi ukibadilika badilisha na shotikati.

Bakapu naweka kwenye flashi kila Ijumaa. Mwezi mzima wa kuandika haufiki hata ukubwa wa picha moja ya simu, kwa hiyo ile flashi ya GB 2 uliyoitupa kwenye droo inatosha.